Tuyahifadhi Pamoja na Kazi Yake: Hotuba Kuhusu Magari ya Zamani ya Zimamoto

Shikamooni wazee wangu. Ndugu mafundi, madereva, askari wa zimamoto mlio kazini na mliokwisha kustaafu, na ninyi vijana mliovutwa hapa na mapenzi ya magari, nawashukuru kwa kuitikia.

Nimepewa jioni hii nizungumze juu ya magari ya zamani ya zimamoto. Ni jambo ninalolipenda kwa moyo wote, na nimeona kwamba karibu kila anayelipenda huingilia mlango uleule: rangi nyekundu, kengele ya shaba, ngazi ndefu, king'ora. Ni mlango mzuri, ila nisingependa tubaki mlangoni. Gari la zimamoto ni mtambo wa kusukuma maji uliowekewa magurudumu ili ufike haraka. Habari yake kubwa iko kwenye pampu, na kwenye mikono ya watu walioiendesha usiku, mvua ikinyesha, jengo likiwaka mbele yao. Kwa hiyo ninalokuja kuwaomba ni moja: tukilihifadhi gari la zimamoto, tuihifadhi na kazi yake. Pampu izunguke, maji yatoke, na majina ya waliolifanyia kazi yaandikwe.

Niwapeleke kwanza Cincinnati, mji wa jimbo la Ohio, Marekani. Kabla ya mwaka 1853 moto wa mji ule ulizimwa jinsi ulivyozimwa katika miji mingi ya wakati huo: vikundi vya watu wa kujitolea na pampu ya mikono, wanaume wamejipanga upande huu na upande ule, wakipandisha na kushusha mti wa kusukumia. Kazi ile inachosha kupita kiasi. Baada ya dakika chache mtu ameishiwa nguvu, lazima mwingine adakie nafasi yake, ndiyo maana pampu moja ilihitaji umati. Vikundi hivyo vilikuwa na sauti mjini, hata katika siasa, na mara nyingine vilipigana barabarani vyenyewe kwa vyenyewe vikigombea nani awahi moto.

Hapo ndipo fundi aitwaye Latta alipotengeneza pampu ya mvuke. Ilijaribiwa hadharani tarehe 1 Januari 1853, ikapewa jina la Uncle Joe Ross, kwa heshima ya diwani aliyeipigania kwenye baraza la mji. Ilikuwa zigo la tani 10 hivi, la kuvutwa na farasi wanne. Wale wa kujitolea hawakuipenda hata kidogo, wakatishia kuivunja, na ukifikiri utawaelewa. Mashine ambayo watu wachache wanaiwasha ikasukuma maji saa nzima bila kuchoka ilikuwa inawaambia kwamba umati wao hauhitajiki tena. Tarehe 1 Aprili mwaka uleule Cincinnati ikaanzisha kikosi cha zimamoto cha watu wanaolipwa mshahara. Mabadiliko ya mtambo na mabadiliko ya ajira yakaja pamoja, ndani ya miezi mitatu. Mtu akiniuliza kwa nini nahangaika na machuma ya kale, namwelekeza hapo. Kazi ya zimamoto kama ajira ya kudumu, yenye zamu na mshahara, sehemu yake kubwa ilizaliwa na ile boila.

Na boila ina tabu yake. Maji baridi hayageuki mvuke kwa dakika mbili, na moto haumsubiri mtu. Kwa hiyo chini ya sakafu ya kituo, kwenye chumba cha chini, kulikuwa na jiko dogo lililowaka mchana na usiku. Bomba lilitoka kwenye jiko hilo, likapanda, likaungana na boila ya gari lililosimama juu yake, likapitisha maji ya moto muda wote. Kengele ikilia, farasi wanatoka zizini mwao wenyewe, wamefundishwa, wanasimama chini ya matandiko yaliyoning'inizwa darini. Askari anavuta, matandiko yanashuka mgongoni, vifungo vinabanwa. Gari likisogea, lile bomba linachomoka lenyewe na vali zinajifunga pande zote mbili, tone halimwagiki. Njiani mwenye zamu ya boila anachochea makaa, na wakifika penye moto mvuke uko tayari. Nikiona gari la mvuke kwenye ukumbi wa makumbusho, kitu cha kwanza ninachotafuta ni mdomo wa lile bomba nyuma ya boila. Wageni wengi huupita bila kuuona, na ndio unaoeleza jinsi watu walivyolala na kuamka katika kituo kile.

Farasi walidumu kuliko tunavyodhani. Kikosi cha New York kilifunga safari yake ya mwisho ya farasi tarehe 20 Desemba 1922, kutoka kituo cha Engine 205 kule Brooklyn, siku ambayo mitaa ya mji ilikuwa imekwisha kujaa magari. Kati ya farasi na gari kamili palikuwa na hatua ya katikati ninayoipenda sana. Pampu za mvuke zilikuwa bado nzima, zimegharimu fedha nyingi, na hakuna mji uliotaka kuzitupa. J. Walter Christie, yule ambaye baadaye alijulikana ulimwenguni kwa kubuni vifaru vya kivita, akatengeneza kichwa cha magurudumu mawili chenye injini, kinachokaa mahali pa farasi. Unafungua farasi, unafunga Christie, pampu ya mvuke inaendelea na kazi. Mafundi wa kwetu mtamwelewa mara moja. Huo ndio ufundi tunaouishi kila siku: kitu kizima hakitupwi kwa sababu kipande chake kimoja kimepitwa na wakati.

Sasa niingie kwenye gari ambalo kwangu mimi ndilo zuri kuliko yote yaliyowahi kutengenezwa kwa kazi hii. Linaitwa Ahrens-Fox, nalo ni la Cincinnati hiyohiyo, kampuni ambayo mizizi yake inarudi hadi kwa Latta. Ukiliona hulisahau. Mbele kabisa, kabla ya rejeta, mahali ambapo gari lingine lina bampa tupu, Ahrens-Fox lina pampu nzima imetokeza nje, na juu ya pampu limekaa tufe kubwa la chuma linalong'aa hadi unajiona uso. Watu hupiga picha mbele ya lile tufe wakidhani ni pambo.

Si pambo. Pampu ya Ahrens-Fox ni ya pistoni. Pistoni ikienda inasukuma maji, ikirudi inayavuta, kwa hiyo maji yanatoka kwa mapigo. Mmewahi kujaza upepo kwa pampu ya baiskeli, mnajua jinsi hewa inavyokwenda na kukatika. Sasa fikiria mapigo hayo kwenye mpira wa maji wa mita 60, kwa presha ya kuangusha ukuta, na mwishoni wapo watu wawili wamesimama juu ya ngazi wameshika nozeli. Mpira ungewarusha. Lile tufe limejaa hewa. Pistoni inaposukuma, sehemu ya maji inaingia tufeni na kuibana hewa; pistoni inapopumzika, hewa inatanuka na kuyarudisha maji kwenye mpira. Kwenye nozeli maji yanatoka laini, mfululizo, na aliyeishika anaweza kuyaelekeza kwenye dirisha la ghorofa ya 5 bila kutetemeka. Pistoni zikiwa nne au sita zinazopokezana, mapigo yanapungua zaidi. Gari la lita 3,800 hivi kwa dakika, na ukiweka kiganja kwenye mpira husikii mshtuko wa maana.

Ubora huo ulikuwa na bei. Pampu ya namna ile inatakiwa ikatwe kwa usahihi, ina vali nyingi, ni nzito, na ni ghali. Na yenyewe haijui kusubiri: askari akifunga nozeli ghafla, pistoni inaendelea kusukuma, na kama vali ya kupunguza presha haikufunguka, kitu lazima kipasuke. Pampu ya mzunguko, ile tuliyo nayo leo katika karibu magari yote, ina hulka tofauti. Ukifunga nozeli, gurudumu lake linazunguka tu ndani ya maji, hakuna kinachovunjika isipokuwa ukiliacha muda mrefu maji yakachemka. Tena ukiiunganisha na haidranti, ule mdomo wa bomba la maji la mtaani, presha inayokuja kutoka kwenye mtandao wa maji haipotei. Pampu inaongeza juu yake. Ni nyepesi na ina vipande vichache. Udhaifu wake mmoja ni kwamba haiwezi kuvuta maji ya kisimani au mtoni ikiwa na hewa ndani. Lazima hewa itolewe kwanza kwa kifaa kingine. Pistoni hufyonza yenyewe. Lakini mji wenye haidranti kila kona hauhitaji sana kufyonza, na bei ndiyo iliyoamua. Kufika miaka ya 1950 Ahrens-Fox walikuwa wameacha kutengeneza magari yao. Nasema hivi bila kinyongo na pampu ya mzunguko, ilistahili kushinda. Ila ukisimama karibu na Ahrens-Fox inayosukuma maji, ukaona zile pistoni zinakwenda na tufe limetulia tuli juu yake, utajua kwamba aliyeshindwa alikuwa fundi mkubwa.

Nizungumze kidogo juu ya watu walivyopanda magari haya, kwa sababu hapa historia ina damu. Magari mengi ya zamani ya Marekani hayakuwa na paa. Dereva na ofisa walikaa kwenye benchi wazi, wengine walisimama nyuma kwenye ubao mwembamba, wameshika bomba la chuma, gari linakata kona, barafu ikianguka. Waliozoea walitetea desturi hiyo: ofisa anaona madirisha ya juu, askari anaruka haraka. Mwaka 1935 kampuni ya Mack ilitengeneza kwa ajili ya mji wa Charlotte, North Carolina, gari lililowaingiza watu wote ndani na milango ikafungwa. Wazo lilikuwapo, gari lilikuwapo, na bado ubao wa nyuma uliendelea kutumika kwa miaka 50 na zaidi, watu wakianguka na kufa njiani kabla hata ya kuuona moto. Katika miaka ya 1960, ghasia zilipowaka kwenye miji na magari ya zimamoto yakapigwa mawe, vikosi vikaanza kupigilia mapaa ya mbao juu ya magari yaliyokuwa wazi. Hadi mwaka 1987 ndipo kiwango cha kitaifa cha Marekani kilipotaka kila aliyemo garini awe ameketi na amefunga mkanda.

Kwa hiyo ninapomwona mtu analirudisha gari la aina hiyo katika hali yake ya kiwandani, akaling'oa lile paa la mbao la miaka ya 1960 kwa kuwa ni baya na halikuwa la asili, mimi husikitika. Lile paa ni la asili. Ni la asili ya kazi. Kuna askari aliyelikata plywood lile kwa msumeno, akalipaka rangi nyekundu, kwa sababu jana yake mwenzake alipasuliwa kichwa. Ukiling'oa, gari linakuwa jipya na linakuwa bubu.

Kuna mtambo mmoja ambao siwezi kuondoka hapa bila kuueleza, na naomba mnivumilie nikienda nao polepole. New York, katikati ya karne iliyopita, ilikuwa na majengo makubwa mno na mabomba ya maji ya kale. Moto ukiwa mkubwa, magari kumi na zaidi ya pampu yalijikusanya, kila moja na haidranti yake, na yakaanza kunyang'anyana maji ya bomba lilelile la chini ya ardhi. Mtu aliyelifikiria tatizo hili hakuwa wa zimamoto. Alikuwa William Francis Gibbs, mbuni wa meli, yule aliyebuni meli ya abiria SS United States. Tayari mwaka 1938 alikuwa ameipa New York boti ya kuzimia moto iitwayo Fire Fighter, yenye uwezo wa galoni 20,000 kwa dakika. Swali lake likawa: kwa nini boti isipande barabarani?

Mwaka 1965 jibu lake likaanza kazi. Waliliita Super Pumper. Kichwa kilikuwa Mack, kama hosi ya semi-trela yoyote mnayoijua, na nyuma yake tela. Ndani ya tela kulikuwa na injini ya dizeli ya Napier-Deltic kutoka Uingereza, aina iliyotumika kwenye boti za kivita na kwenye treni. Mafundi, sikilizeni muundo wake. Silinda 18 zimepangwa kwa umbo la pembetatu, kila silinda ina pistoni mbili zinazokutana uso kwa uso katikati, jumla pistoni 36, na kwenye kila pembe ya pembetatu kuna krenki shafti moja, kwa hiyo krenki shafti tatu kwenye injini moja. Hakuna silinda hedi hata moja. Nguvu yake: farasi 2,400. Injini yote hiyo haikusogeza hata gurudumu. Kazi yake ilikuwa pampu tu.

Pampu hiyo ilitoa galoni 8,800 kwa dakika kwa presha ya bari 24 hivi. Kwa hesabu yetu ni zaidi ya lita 33,000 kila dakika. Boza la lita 10,000, lile tunalolisubiri mtaani maji yakikatika, lingemalizwa kwa sekunde 18. Iliweza kuvuta kutoka haidranti 8 kwa pamoja, mbali mbali, au kuchota mtoni. Pembeni yake lilitembea gari la pili lenye mzinga wa maji, na magari mengine matatu madogo, kila moja limebeba mzinga na mita 600 za mpira mnene wa inchi 4 na nusu. Haya matatu yalitangulia mitaani, yakasimama karibu na moto, na Super Pumper ikakaa mbali penye maji mengi na kuyalisha yote. Badala ya magari kumi yanayogombana, moyo mmoja na mishipa yake. Mfumo mzima uligharimu dola 875,000.

Uliitikia miito zaidi ya 2,200 hadi ulipostaafishwa mwaka 1982. Mmoja wa mioto yake mikubwa ilikuwa Bronx, mwaka 1967. Kwa nini ulistaafu? Spea za Deltic hazikuwa za kupatikana dukani, mafundi wake walihitaji ujuzi wa pekee, na mji ulijifunza kuwa magari madogo zaidi yenye pampu nzuri na mipira minene, mengine yakiwa ndiyo yale yale yaliyokuwa watoto wa Super Pumper, yanaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi ile. Naona hilo ni sifa kwake. Wazo la kumwaga maji mengi kupitia mpira mmoja mnene badala ya mipira mingi myembamba lilibaki baada ya mtambo wenyewe kupumzika, na leo vikosi vingi duniani vinafanya hivyo kama jambo la kawaida.

Nivuke bahari hadi Uingereza, maana huko kuna gari ambalo wazee wa hapa watalitambua sura hata kama hawajawahi kuliona. Bedford. Nani katika kizazi cha wazee wangu hakupanda Bedford, au hakuning'inia nyuma ya Bedford, au hakulala chini ya Bedford kwenye vumbi akitafuta kinachogonga? Katika miaka ya 1950 serikali ya Uingereza iliagiza maelfu ya magari ya zimamoto juu ya chesisi ya Bedford, rangi ya kijani, na watu wakayapa jina Green Goddess. Hayakutengenezwa kwa moto wa jikoni. Yalikuwa akiba ya vita ya nyuklia: miji ikishambuliwa na mabomba ya maji yakipasuka, magari haya yajipange mstari, moja limpe mwenzake maji, kilomita kwa kilomita, kutoka mtoni hadi mjini. Ndiyo maana pampu yake ni kubwa, zaidi ya lita 4,000 kwa dakika, ilhali tangi lake ni dogo. Ukijua kazi iliyokusudiwa, umbo linajieleza.

Vita ile haikuja. Kikosi cha akiba kilivunjwa mwaka 1968, magari yakafungiwa maghalani. Kisha Novemba 1977 askari wa zimamoto wa Uingereza wakagoma nchi nzima wakidai mshahara, mgomo wa wiki tisa, na wanajeshi wakapewa Green Goddess waende kuzima moto. Vijana wa jeshi, mafunzo ya siku chache, kwenye magari yaliyokwisha kufikisha miaka zaidi ya 20, usukani mgumu usio na msaada wowote, mwendo wa kilomita 70 kwa saa injini ikilia. Mwaka 2002 na 2003 mgomo ulirudi, na magari yaleyale, sasa na umri wa karibu miaka 50, yakatolewa tena. Hatimaye serikali iliyauza. Mengine yalichukuliwa na wapenzi, mengine yakaletwa Afrika kufanya kazi.

Katika historia ya gari hili yamo mambo yanayouma pande zote. Aliyegoma aliliona gari lile kama chombo cha kuvunjia mgomo wake. Aliyeokolewa nalo anakumbuka kwamba lilikuja. Anayelihifadhi leo anatakiwa ayabebe yote mawili, ayaandike kwenye kibao kile kile, asichague linalomfurahisha.

Sasa tuje kwenye kuhifadhi kwenyewe. Wamarekani walianza mapema. Chama chao cha wapenzi wa magari haya, SPAAMFAA, kilianzishwa mwaka 1958, na makumbusho ya Hall of Flame kule Phoenix, Arizona, yana mwanzo mmoja mtamu: mama mmoja alimpa mumewe, George Getz, zawadi ya Krismasi ya gari la zimamoto la American LaFrance la mwaka 1924. Lililozaliwa kutokana na zawadi ile ni ukumbi uliojaa magari kuanzia ya kusukumwa kwa mikono. Wenzetu hao wana desturi moja ningependa tuikopi nzima. Wanapokutana hawapangi magari tu yakaangaliwa. Wanayapeleka penye maji, wanashusha mipira, wanafyonza, wanamwaga.

Kufyonza ndiko mtihani wenyewe. Mpira mgumu wa kufyonzea, wenye chujio mwishoni, unatumbukizwa mtoni. Unabana viungio, unafunga kila vali, unawasha kifaa cha kutoa hewa, unatazama geji ya utupu. Sindano inaanza kushuka. Ikisimama njiani, kuna mahali hewa inaingia: gasketi imekauka, vali haikukaa, au kiungio kimelegea nusu mzunguko. Unapitisha sikio kiungio kimoja kimoja ukisikiliza mluzi mwembamba. Ukiupata na kuubana, sindano inashuka tena, sauti ya injini inakuwa nzito ghafla kwa kuwa maji yamefika kwenye pampu, na geji ya presha upande wa pili inapanda. Pwani, kwenye usawa wa bahari, hewa inaweza kuyapandisha maji mita 10 kinadharia, na kwa kazi halisi hesabu 7. Nairobi, kwa ule mwinuko wake, hata hiyo ya kinadharia inashuka hadi kama mita 8 na nusu. Pampu ni ileile, dereva ni yuleyule, mto ndio umekuwa mbali. Dereva mzoefu wa pampu anajua hayo mwilini, na hayako kwenye rangi wala kwenye kengele.

Anayetaka kujaribu kwa gari la zamani ajihadhari na machache. Pampu isizungushwe kavu, sili zinaungua. Ikisukuma maji ya chumvi isuuzwe siku hiyohiyo kwa maji yasiyo na chumvi. Matairi yenye kashata nzuri lakini umri wa miaka 30 yasiaminiwe barabarani, hasa tangi likiwa limejaa, kwa sababu breki za wakati ule hazikuwa na akiba. Rangi ya zamani ina risasi na bitana za breki za zamani zina asbesto, kwa hiyo msipige msasa mkavu wala msipulize vumbi la breki kwa kompresa. Na kabla ya kugusa rangi yoyote, tazameni kwanza chini yake. Mara nyingi jina la kituo cha kwanza au namba ya kikosi bado lipo, limefunikwa na rangi mbili tatu.

Ninyi mnajua, kuliko mimi, magari yaliyosimama nyuma ya vituo na karakana zetu yakisubiri mnada wa chuma chakavu. Sisemi yote yaokolewe. Nafasi haipo na fedha haipo. Nasema kabla moja halijakatwa, mtu asimame mbele yake kwa saa moja. Apige picha kibati cha chesisi, kisha kibati cha pampu, maana mara nyingi mtengenezaji wa gari na mtengenezaji wa pampu ni wawili tofauti na ile namba ya pampu ndiyo inayosaidia kutafuta spea. Achukue daftari la safari kama lipo, hata likiwa limeliwa na mchwa. Kisha amtafute aliyeliendesha.

Wazee wangu mliostaafu, hapo ndipo tunapowahitaji zaidi. Mnajua gari lipi lilikuwa na klachi ya hila, lipi lilifyonza vizuri baharini, usiku wa moto upi maji yaliisha na mkafanya nini. Pale kwenye meza ya mlangoni kuna vijana wawili, wana kinasa sauti na daftari. Tumepanga tuanze na madereva wa pampu, kisha wa ngazi, na atakayekuwa na picha au karatasi za zamani nyumbani aache namba ya simu. Tutamfuata hukohuko, tutazipiga picha mbele yake na kumwachia zake.